Kidogo Si Kikubwa Kilichopunguzwa

Katika vitabu vingi vya sayansi vinavyosomwa shuleni mna sentensi moja ambayo wanafunzi huipenda kuliko nyingine. Sentensi hiyo husema kwamba atomu ni mfano wa jua na sayari zake: katikati pana kiini kama jua, na kandokando elektroni huzunguka kama sayari. Chini yake huchorwa kitone chenye pete tatu au nne, na juu ya kila pete vijipira vyenye alama ya kutoa. Picha hiyo ni rahisi kuchora na rahisi kukumbuka, tena humpa mwanafunzi furaha ya kudhani kwamba ulimwengu wote, tangu nyota hadi punje ya vumbi, umejengwa kwa ramani moja. Katika insha hii nataka kuipima sentensi hiyo kama mhakiki apimavyo ubeti wa shairi: nione uzuri wake, nione kasoro zake, kisha nitoe hukumu. Hukumu yenyewe naitaja mapema, msomaji asipoteze muda kuibahatisha. Mfano huo ulifaa kuwa ngazi, lakini haukufaa kuwa nyumba. Na aliyeketi juu ya ngazi akadhani yu sebuleni, siku moja ataanguka.

Ninayo sababu ya kulishika jambo hili kwa mikono miwili. Mwaka mmoja nilipokuwa nikifundisha kidato cha nne, niliwapa wanafunzi swali la kuieleza atomu. Wote waliandika habari za jua na sayari, isipokuwa msichana mmoja. Yeye aliandika kwamba mfano huo hauwezi kuwa wa kweli, kwa kuwa elektroni ina umeme, na umeme unaozunguka hutoa mawimbi na kupoteza nishati, basi elektroni ingalianguka katika kiini zamani. Nilipiga msalaba mwekundu juu ya jibu lake. Aliponijia na daftari mkononi akaniambia, "Mwalimu, naomba unieleweshe kosa langu," nilimjibu kwamba jambo hilo halimo katika mtihani. Alisema, "Ahsante, mwalimu," akarudi kitini pake.

Jioni ile nilivuka Makupa kurudi Kibarani ninakokaa. Malori ya makontena yalikuwa yamefuatana kuelekea bandarini, na kando ya barabara mama mmoja alikuwa akichoma mahindi. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Mbona uso umekunjamana, watoto wamekushinda leo?" Nikasema, "Ni mmoja tu, mama." Alicheka, akayapepea makaa kwa upepeo wake, nayo yakawaka mekundu. Niliyatazama makaa yale nikaona haya, maana nilikumbuka niliyosoma chuo cha ualimu: kwamba wekundu wa makaa, jambo aonalo kila mpita njia, ni mmoja wa mashahidi walioiangusha fizikia ya kale. Msichana yule alikuwa upande wa mashahidi, nami nilikuwa nimemhukumu kwa kusema kweli.

Na tuanze na haki ya mfano wenyewe, kwani mhakiki asiyesifu panapostahili sifa hana haki ya kulaumu. Mfano wa jua na sayari haukutungwa na mjinga. Mwaka 1909, katika chuo kikuu cha Manchester, Geiger na Marsden walirusha chembe za mnururisho kwenye bati la dhahabu jembamba mno. Kila aliyewahi kumtazama sonara wa Mji wa Kale akifua dhahabu ajua jinsi madini hayo yanavyokubali kukondeshwa. Chembe nyingi zilipita kana kwamba hapakuwa na kitu, lakini chache zilirudi nyuma. Mwaka 1911 mkuu wao, Rutherford, alitoa maana ya jambo hilo: karibu uzito wote wa atomu umekusanyika katika kiini kidogo sana, na sehemu iliyobaki ni kama tupu. Kama kiini cha dhahabu kingekuwa na urefu wa punje ya mchele, atomu yake ingekuwa na upana wa mita 100 hivi, sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Aliyeambiwa kwamba kuna kitu kizito katikati na vyepesi mbali yake, na baina yao mvuto, afikiri nini kama si jua na sayari? Mfano ulikuja wenyewe.

Lakini mfano huo ulikuja na deni. Ukisema kwamba elektroni ni sayari, umekubali kwamba inatawaliwa na sheria zinazotawala vitu vikubwa: sheria za mwendo alizozitoa Newton mwaka 1687, na sheria za umeme na nuru alizozikamilisha Maxwell mwaka 1865. Kwa sheria za Maxwell, kitu chenye umeme kinachopinda njia yake hutoa mawimbi, na kila wimbi huondoka na sehemu ya nishati. Dunia haina sifa hiyo ya umeme, basi huweza kulizunguka jua kwa mamilioni ya miaka. Elektroni inayo. Hesabu ikifanywa kwa atomu ya haidrojeni, elektroni huonekana ikijipinda ndani na kugota kwenye kiini kwa muda usiofika sehemu moja ya bilioni kumi ya sekunde. Kwa hiyo, kama picha ya kitabuni ni ya kweli na sheria za kale ni za kweli pia, hapana atomu iliyodumu. Hapana bahari, hapana mwalimu wala mwanafunzi. Mfano umejikana wenyewe. Hivyo ndivyo alivyoandika msichana yule, nami nikampiga msalaba.

Shahidi wa pili yumo jikoni. Chukua chembe za chumvi, hata hii ya pwani yetu inayovunwa Gongoni, uzinyunyize juu ya ndimi za moto. Moto utageuka manjano. Nyunyiza leo, nyunyiza kesho, nyunyiza Mombasa au Berlin, manjano ni yale yale, kwa sababu sodiamu iliyo ndani ya chumvi hutoa nuru ya mawimbi yenye urefu uliowekwa. Sasa uliza: elektroni inayoanguka taratibu kama sayari iliyochoka ingetoa nuru gani? Ingetoa rangi zikipandana bila pengo, tangu zile za mawimbi marefu hadi za mawimbi mafupi, kama sauti ya king'ora inayopanda. Isingechagua rangi moja na kushikamana nayo. Chumvi ina sauti zake chache na haiimbi nyingine.

Mwaka 1913 Bohr alijaribu kuuokoa mfano. Aliamuru, kana kwamba ni mfalme, kwamba elektroni zikae katika njia fulani tu, na zikiwa humo zisitoe mawimbi. Nuru itoke zinaporuka kutoka njia moja hadi nyingine. Zile pete za kitabuni ndizo amri za Bohr zilizochorwa. Zilifaulu kwa haidrojeni yenye elektroni moja, lakini zilishindwa kwa heliamu yenye mbili tu. Tena Bohr mwenyewe hakuweza kusema kwa nini amri ile itiiwe. Vitabu vyetu vimeichukua picha ya mwaka 1913 vikaacha habari ya kushindwa kwake, kama mtu asimuliaye vita na kuikata hadithi kabla ya siku ya kushindwa.

Sababu ya amri ile ilikuwa imekwisha kuchungulia miaka 13 kabla, katika joto kama lile la makaa ya Kibarani. Fizikia ya kale ilifundisha kwamba nishati ya joto hugawanywa sawasawa kwa kila namna ya mtetemo. Kanuni hiyo yaonekana kuwa ya haki, lakini tazama matokeo yake. Mitetemo ya mawimbi mafupi haina mwisho wa idadi. Ni kama sinia la pilau katika arusi yenye wageni wasiohesabika, na kila mgeni amepewa haki ya kula sawa na mwenziwe: hapana sufuria itakayotosha. Kwa hesabu hiyo, jiko la mahindi lingemwaga nishati bila kikomo katika miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana iliyo ng'ambo ya rangi ya zambarau, na yule mama angeteketea mara tu alipowasha njiti. Kumbe yeye hupepea makaa yake salama, nayo huwa mekundu tu.

Tarehe 14 Desemba 1900, mjini Berlin, Max Planck alieleza dawa ya msiba huo. Nishati, kwa dawa yake, haimiminwi kama maji, bali hulipwa kwa sarafu nzima. Kila mtetemo una sarafu yake. Na kadiri mtetemo ulivyo wa kasi, ndivyo sarafu yake ilivyo kubwa. Makaa yenye joto la digrii 1000 yana fedha ndogo mfukoni. Sarafu ya nuru nyekundu ni kubwa mara 16 hivi kuliko wastani wa fedha hiyo, nayo hupatikana kwa nadra, lakini hupatikana. Sarafu ya zambarau ni kubwa mara 28 hivi, na hiyo karibu haipatikani kabisa. Urujuanimno ni duka la matajiri. Makaa hupita mlangoni bila kuingia. Ndiyo maana makaa ni mekundu, na ndiyo maana yule mama yu hai. Mwaka 1905 Einstein alionyesha kwamba nuru yenyewe nayo hutenda kama iliyofungwa katika mafungu ya namna hiyo.

Hapa ndipo ulipo moyo wa jambo letu. Kipimo kinachoweka thamani ya sarafu hizo huitwa kipimo cha Planck, nacho ni kidogo mno: ukikiandika kwa joule na sekunde, utaandika sifuri, nukta, kisha sifuri 33 kabla ya kufikia tarakimu ya kwanza, ambayo ni 6. Newton na Maxwell hawakukijua, wakadhani kwamba maumbile yanaweza kugawanywa bila kikomo. Katika mambo makubwa dhana hiyo haina madhara. Tajiri anunuaye meli hajali senti moja ikipotea. Lakini anayenunua kibiriti kwa senti zake za mwisho, kila senti kwake ni habari kubwa. Atomu ndiye huyo mnunuzi wa kibiriti. Fizikia ya kale haikushindwa kwa sababu atomu ni ndogo kama punje ilivyo ndogo kuliko nazi. Ilishindwa kwa sababu katika atomu biashara nzima hufanywa kwa sarafu chache, na vitabu vya hesabu vya zamani havikuwa na safu ya sarafu.

Kasoro nyingine ya mfano wa sayari imo katika lugha. Tunapoiita elektroni chembe, akili zetu hukimbilia chembe ya mchanga au ya mtama, kitu chenye mahali pake na njia yake. Tazama historia ilivyotucheka. J. J. Thomson aliivumbua elektroni mwaka 1897 kama chembe, akapata tuzo ya Nobel mwaka 1906. Mwanawe, G. P. Thomson, alionyesha mwaka 1927 kwamba elektroni zikipita katika utando mwembamba wa madini hupindana na kuingiliana kama mawimbi, naye akapata tuzo hiyo mwaka 1937. Baba na mwana walipewa heshima moja kwa habari mbili zinazoonekana kupingana, na wote wawili walikuwa na haki. Elektroni si chembe ya mtama, wala si wimbi lipigalo ukuta wa Fort Jesus. Maneno yote mawili tuliyatunga kwa kutazama vitu vikubwa. Tukiyapeleka chini huko, yanatubidi tuyatumie kwa adabu, kama mgeni atumiavyo lugha ya wenyeji.

Mwaka 1927 Heisenberg aliitia hali hiyo katika sheria: kadiri mahali pa kitu panavyobanwa, ndivyo mwendo wake unavyokosa kuwa mmoja ulio hakika. Wako walimu wasemao kwamba maana yake ni kuwa vyombo vyetu vya kupimia ni duni. Kauli hiyo nayo siikubali, kwa kuwa humfanya mwanafunzi adhani njia ya elektroni ipo ila imejificha, inangoja darubini bora. Sivyo. Pima punje ya mchele ya miligramu 20, uijue ilipo kwa usahihi wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Mashaka ya mwendo wake yatakuwa madogo kiasi kwamba, kwa umri wote wa ulimwengu, yaani miaka bilioni 13.8, yangeisogeza kiasi kama hicho hicho tu. Mchele una njia yake, na Newton hana hofu nao. Sasa ifunge elektroni ndani ya upana wa atomu. Mashaka ya mwendo wake hayapungui kilomita 500 kwa sekunde moja, zaidi ya mwendo wa barabara kutoka Mombasa hadi Nairobi. Kitu cha namna hiyo hakina pete ya kuzungukia. Kina wingu tu la mahali kiwezapo kukutwa, na wingu hilo ndilo Schrödinger alilolifungulia mlango wa hesabu mwaka 1926.

Na humo mna jibu la swali la msichana wangu. Elektroni ikivutwa karibu na kiini hubanwa mahali padogo. Ikibanwa, mwendo wake hauna budi kuongezeka. Na mwendo huo hupingana na mvuto. Mahali pa kulingana kwa mawili hayo ndipo unapotokea ukubwa wa atomu. Elektroni haianguki kwa sababu kuanguka kungeigharimu nishati isiyo nayo. Hapana amri ya mfalme tena, kuna sheria.

Lazima sasa nimkemee na yule anayekosea upande wa pili. Wako vijana ambao, wakisikia habari hizi, husema kwamba Newton alikuwa mwongo na kwamba katika sayansi mpya lolote lawezekana. La hasha. Meli zinazoingia Kilindini huelea kwa sheria za kale, na maji hupwa na kujaa kwa mvuto ule ule alioueleza Newton. Sheria mpya, zikipewa vitu vikubwa vyenye sarafu nyingi, huzaa sheria za zamani, kama matone mengi yanavyozaa mto. Tena sheria mpya si ulegevu: rangi ya chumvi huhesabiwa kwa usahihi ambao fizikia ya kale haikuuota.

Wala mtu asidhani kwamba mambo haya yamefungiwa katika udogo, asiyakute kamwe mezani pake. Chukua dira, ile iliyowaongoza manahodha wa majahazi kuingia Bandari ya Kale. Bohr katika tasnifu yake ya mwaka 1911, na baada yake mwanamke wa Kiholanzi, Hendrika van Leeuwen, katika tasnifu yake ya mwaka 1919 huko Leiden, walionyesha kwamba fizikia ya kale ikihesabiwa kwa uaminifu mpaka mwisho, usumaku wa kitu kilichotulia katika joto lake huwa sifuri. Kwa sheria za kale peke yake, sindano ya dira isingejua kaskazini. Ilibidi kungoja hadi mwaka 1928, Heisenberg alipoieleza sumaku ya chuma kwa sheria mpya. Basi nahodha aliyejiona akisafiri kwa pepo na nyota, alikuwa amebeba kifuani mwa jahazi lake, bila kujua, kitu ambacho sheria za kale zilikikana.

Je, tuifute picha ya sayari? Sisemi hivyo. Nasema ichorwe, kisha pale pale iulizwe swali la msichana wangu, na kitabu kikiri kwa maandishi kwamba mfano umeshindwa, na kwa nini. Mfano usiotajiwa mpaka wake hugeuka kuwa uongo, hata kama ulizaliwa kweli. Mwanafunzi aliyefundishwa picha bila kasoro yake amejua jambo moja. Aliyefundishwa picha na kasoro yake amejua namna ya kufikiri.

Asubuhi iliyofuata nililiomba daftari la msichana yule mbele ya darasa. Niliufuta msalaba wangu, nikampa alama zote, nikawaambia wenziwe kosa lilikuwa la nani. Hakusema neno, ila alinyanyua mkono. "Mwalimu," akasema, "ikiwa haizunguki, basi hufanya nini?" Tulilishughulikia swali hilo mpaka kengele ikalia, na siku ya pili tukaliendeleza. Nawe msomaji, ukiona jibu lako limepigwa msalaba, usilifute kabla hujalipima. Na ukiona mfano uliosifiwa na wengi, uulize unaishia wapi.